Mama Hakugomba

Tangu janga hili lianze, ni marufuku kumpa mjamzito habari mbaya. Bangili mkononi mwangu hupima mapigo ya moyo. Yakienda mbio, gari linakuja kunichukua nikatulizwe kambini hadi nijifungue.

Mama hunipigia kila asubuhi. Sauti ni yake, hata kikohozi ni chake, ila siku hizi hanigombezi. Jana nikamjaribu.

"Mama, nakula udongo. Nautafuna kutwa."

Mama yangu huyo, aliyenichapa utotoni kwa kulamba ukuta tu!

"Kula, Siwatu mwanangu," sauti ikajibu kwa upole. "Jipe raha."

Bangili ikatetemeka. Nikacheka kwa nguvu, moyo uonekane unakwenda mbio kwa furaha, nikamuaga vizuri.

Matanga ya Mama nitakaa nikishajifungua. Lakini mtoto tumboni hakusubiri. Alipiga mateke hadi jioni.