Ishara za Nyumbani

Dada yangu Nabwile, ambaye ni kiziwi, alivuta sikio lake mara mbili, kisha akasukuma hewa kwa mikono yote. Kwetu Kiminini hata kuku wanajua sikio ni nani. Ni yule jirani aliyeng'atwa na mbwa, aliyesimama sasa kizimbani na nusu ya sikio lake. Nabwile alikuwa anaeleza vile mtu huyo alimwangusha kwenye mahindi.

Mkalimani wa lugha ya ishara kutoka Bungoma alikuna kidevu. "Mheshimiwa, hizi si ishara za shule. Sielewi kitu."

Nabwile hajawahi kuingia shule. Ishara zake tulizitengeneza sisi wawili, tukichambua maharagwe.

Nikasimama, mkono juu. "Mheshimiwa, mimi naelewa..."

"Wewe ni dadake. Kaa chini! Ukiinua mkono tena utalala ndani," hakimu akasema. "Ule mkataba wa dunia nzima wa haki za walemavu, Kenya imetia sahihi juzi, unasema kiziwi apewe mkalimani. Si amepewa?"

Akashika kalamu. "Kama hana la kusema, huyu mtu aende nyumbani."

Nabwile akavuta sikio tena, polepole, akinitazama mimi.

Nilikuwa nimeikalia mikono yangu.