Mapumziko ya Mama Kavuo

Wenzake walikuwa wamekwisha kukunja magunia yao na kutoka, lakini Kavuo aliendelea kulala chali kwenye saruji ya depo. Nzi alitua mdomoni mwake, akatembea hadi puani. Kavuo hakumfukuza.

Mwalimu wake, Ézéchias, alisimama mlangoni akimtazama kwa wivu. Yeye mwenyewe hakuwa na utulivu. Kila gari lililopanda kilima cha Vulamba lilimgeuza shingo. Habari kutoka upande wa Beni zilikuwa mbaya: wakimbizi walizidi kuingia Butembo kwa miguu, magodoro kichwani, na kila kundi lilitaja kijiji kingine kilichobaki bila watu. Kamate, kaka yake mwenye lori, alikuwa amemwekea nafasi ya kuvuka mpaka hadi Kampala.

"Unabakia hapa sababu gani?" Kamate alikuwa amemuuliza. "Ya kufundisha batu kupumua? Kila mutu anajua kupumua."

Swali hilo lilimkera. Yoga alijifunza ujanani, hukohuko Kampala, kwa Mhindi aliyemwajiri katika duka la vitambaa. Alipoanza kuifundisha hapa, katika depo ya kahawa ambayo vita viliiacha tupu, aliwaahidi watu kitu kimoja: joto. Asubuhi za Butembo zina ukungu unaopenya mifupani, na mtu aliyekesha akisikiliza risasi huamka na baridi nyingine juu ya hiyo. Pumueni hivi, aliwaambia, na moto utawaka chini ya kitovu. Wachache waliupata. Wengi waliacha, waliponong'onezwa baada ya misa kwamba huo ni uchawi.

Kavuo alikuja na wakimbizi wa Eringeti. Mwanzoni hakuweza kutulia hata kidogo. Vidole vilicheza, kope zilitetemeka, na mbwa akibweka nje, yeye alikuwa amekwisha simama. Mikao ya kusimama na kujipinda aliifanya kama mtu anayengoja mahubiri yaishe. Aliungoja ule wa mwisho, wa kulala. Mhindi alikuwa na jina jingine kwa mkao huo, lakini Ézéchias hakutaka kulitamka mbele ya Wakatoliki. Aliuita mapumziko.

Kavuo hakukosa hata asubuhi moja, iwe mvua, iwe masengenyo ya majirani. Na maswali yake yalimshangaza mwalimu.

"Mwalimu, mutu anaweza kupumua bila tumbo kupanda?"

"Anaweza. Pumzi ipite kidogo kidogo, iishie juu."

"Na kama amelala kifudifudi?"

"Ni vilevile."

Siku joto lilipomjia kwa mara ya kwanza, machozi yalimtoka. Alinyoosha viganja vyake mbele ya mwalimu.

"Iko moto sana," alisema. "Naweza kuifunga ndani, mikono ibakie baridi?"

Wengine wote walitaka joto lienee mwili mzima, hadi kwenye kucha. Huyu, Ézéchias aliwaza, amefika mbali kuliko mimi. Akamfundisha kadiri alivyoweza.

Miezi ikapita, na Kavuo akawa mtu mwingine. Asubuhi moja wanajeshi waliogombania mbuzi walifyatua risasi karibu na depo. Wanafunzi wakaruka, na wa kwanza kufika mlangoni alikuwa Ézéchias. Alipogeuka, Kavuo alikuwa palepale chini, uso umelegea, kifua hakipandi. Alidhani risasi imempata. Akapiga magoti, akamshika mkono: ulikuwa baridi. Ndipo Kavuo alipofumbua macho, akamtazama bila hofu yoyote.

Jioni hiyo Ézéchias alimwambia kaka yake aende peke yake.

"Nimeona amani kwa macho yangu," alisema. "Donc kazi yangu haikuwa ya bure. Nitabakia."

"Na bakikuua?"

"Nitakufa nikiwa nimetulia."

Kamate alitikisa kichwa, akawasha lori.

Kulipokucha, Kavuo alifika kabla ya wengine, ameshika mkono wa binti yake Joyeuse, mtoto aliyekuwa anaota meno mapya ya mbele. Joyeuse alijinasua, akaanza kuruka kwa mguu mmoja kati ya magunia.

"Nimekuletea huyu," Kavuo alisema. "Mimi sasa najua. Yeye umufundishe ile ya mwisho tu."

Ézéchias alitabasamu. Tangu jioni ile hadi hapo hakuwa amejutia lori lililoondoka.

"Mais, Mama Kavuo, batoto bacheze. Amani yao bado bako nayo."

"Hapana, Mwalimu."

Alimwita mtoto, akamvua viatu, akamlaza juu ya gunia. Akamgeuza kifudifudi, akauweka mkono mmoja vibaya chini ya tumbo, kama mkono wa mtu aliyeanguka.

"Kule Eringeti, bale batu balipomaliza kupiga, balirudi kupita katikati ya maiti, bakigusa moja moja," alisema. "Huyu nilimulalia juu, habakumuona. Mudogo wake alikuwa pembeni. Hakujua kutulia."