Pimbi na Kisima cha Tembo

Ukame ulibakisha kidimbwi kimoja tu, na mwenyewe ni Tembo. Akatangaza kwamba atakayeweza kuchimba kisima atapewa maji yote yaliyobaki.

Mhanga, mnyama mchimbaji wa mashimo, alifika na makucha yenye udongo.

"Nani amekuleta?" Tembo akamwuliza.

"Nimekuja mwenyewe, mzee."

"Basi rudi ulikotoka."

Pimbi, ambaye hakuwahi kuchimba hata shimo la kulalia, alikuwa nyuma yake, ameshikwa na kiu. Akadanganya: "Mimi nimeletwa na Simba. Na Nyati naye ananitaka, ananisubiri."

Tembo alishtuka. Nyati amtangulie? "Kunywa, mwanangu! Yote yako!"

Pimbi akanywa, akingoja aulizwe kama anajua kuchimba. Hakuulizwa.

Siku ya saba kidimbwi kikabaki tope. Wanyama wote wakamzunguka Pimbi, wakingoja achimbe kisima. Ndipo Tembo, kwa mara ya kwanza, alipomtazama miguu: midogo, laini, bila makucha ya kuchimbia.