Kofia ya Pama ya Marehemu

Kofia ya pama ya Babu Sylvester ilitoweka asubuhi ile ile mjukuu wake Advera aliposhuka kwenye treni ya Dar es Salaam. Marehemu mwenyewe alikuwepo, ametulia chumbani, amevishwa suti. Msumari wa juu ya kitanda ndio uliokuwa mtupu.

"Hazikwi bila kofia yake," alisema mjane, Bibi Apolinaria. "Aliniapisha. Alisema huko aendako hajui kama kuna kivuli."

Nyumba nzima pale mtaa wa Ng'ambo ikapekuliwa. Magodoro yaligeuzwa, masufuria ya msibani yakafunuliwa, mpaka mchungaji akaombwa ainuke kitini. Zablon, mtoto mkubwa wa marehemu na baba yake Advera, hakuinuka. Alisema tangu alfajiri hajaingia chumba kile. Alikuwa nje na mafundi wa jeneza.

Macho yote yakamgeukia Nasri. Mzee Nasri, mstaafu wa reli, ni Mzaramo, na Mzaramo kwa Mnyamwezi ni mtani tangu enzi za misafara ya pwani. Msibani mtani huruhusiwa kila kitu: kuiba, kutukana, kulala kaburini mpaka ahongwe. Tangu jana alikuwa amevaa koti la marehemu, anaiga kikohozi chake na kudai uji wake.

"Toa kofia, mtani," alisema Bibi.

"Sina. Mimi nikiiba naiba mkiniona, ndiyo raha yake," alijibu Nasri. "Nyie Wanyamwezi! Mlibeba pembe za ndovu kwa miguu hadi Bagamoyo, leo kofia moja imewashinda?"

Hapo Zablon akasafisha koo. "Si tuna mtaalamu? Advera anasomea wizi chuo kikuu."

"Sayansi ya uchunguzi wa jinai, baba."

"Hiyo hiyo. Majirani nimewaambia unasomea udaktari. Nani atamposa msichana anayepima damu za watu waliochinjana?"

"Kazi zipo, baba. Polisi, maabara ya serikali, mahakamani. Hata benki wanataka mtu wa kutambua saini bandia."

"Basi mahakama ni hapa." Zablon akapaza sauti ili wazee wasikie. "Ipate kofia kabla jeneza halijafungwa. Ukiipata, rudi chuoni, sitasema neno tena. Ukishindwa, unabaki. Shangazi yako kule Urambo anahitaji mtu wa kufunga tumbaku."

Wazee wakasema ni haki. Advera, aliyekuwa amebakiza mwaka mmoja tu, akaingia chumbani.

Kando ya msumari kilining'inia kioo cha kunyolea. Kiling'aa.

"Bibi, nani amekifuta?"

"Mimi, alfajiri, nilipomaliza kumnyoa babu yako. Kofia bado ilikuwepo. Tangu hapo sijakigusa."

Advera alikwangua masizi kwenye sufuria, akayasaga, akayapaka kiooni taratibu kwa brashi yake ya poda. Alama ya dole gumba ikajitokeza, nene, safi kabisa. Mtu alikizuia kioo kisianguke wakati anatungua kofia. Akaibandua kwa selotepu.

Kisha akaazima wino wa mhuri kwa mwenyekiti wa mtaa, na waombolezaji wakapanga foleni. Wengine walidhani wanaandikishwa kupiga kura. Bibi alichovya, mchungaji akachovya. Zablon alisema mfiwa hapimwi. Mama yake akamkodolea macho, naye akachovya. Nasri alichovya vidole vyote, akataka kuvua na viatu.

"Dole hili litajieleza lenyewe," alisema. "Tangu jana linakula kuku wa marehemu. Na yeye mwenyewe je, hamumpimi? Namjua yule, anaweza kuwa amejiibia."

Advera alikaa barazani na simu yake, akipiga picha na kuzikuza. Akatazama. Akafuta kioo cha simu kwa kanga, akatazama tena. Kwaya ilimaliza wimbo na haikuanza mwingine. Fundi wa jeneza alikuwa ameshashika nyundo.

"Haya, daktari," Zablon aliita. "Nani?"

Advera alikunja kile kipande cha selotepu, akakitia mfukoni. Akamwendea Nasri, akapiga goti.

"Shikamoo, babu. Ni wewe."

Msiba ukalipuka kwa kicheko. Nasri alimtazama binti yule aliyepiga goti, akawatazama wafiwa mmoja mmoja mpaka kwa Zablon, kisha akainua mikono juu kama mwizi wa sokoni.

"Marahaba, nimekamatika! Elimu mbaya hii, hata mtani hapumziki. Lakini siitoi bure. Nataka jogoo, na nataka mfiwa mkubwa anisindikize mwenyewe uani. Zablon, inuka twende."

Waliporudi, Nasri alikuwa ameivaa kofia upande, anatembea mwendo wa marehemu, bega moja juu. Zablon alimfuata nyuma na jogoo kwapani, anatazama chini. Bibi Apolinaria alicheka mpaka akalia, kisha akalia tu. Babu Sylvester akazikwa na kofia yake.

Advera sasa yuko mwaka wa mwisho. Nyuma ya kitambulisho chake cha chuo amebandika kipande cha selotepu chenye alama ya dole gumba la baba yake, na kila likizo ikiisha, Zablon humbebea begi mwenyewe hadi stesheni.