Uzito wa Kura ya Bi Aikande

Saa moja na robo asubuhi, mashine ya kura ilimpa Bi Aikande, mwenye miaka sabini na miwili, kikaratasi kilichoandikwa 21. Katika kura ya maoni ya kujiunga na Soko la Pamoja, uzito wa kura ya kila mtu ulikuwa miaka aliyobakiza kuishi, na mashine haikuwahi kukosea.

"Ishirini na moja!" alitamba.

"Mama, utatuzika sote," alitania mwanawe, Elinami, akiingia kupiga yake.

Jioni Ndiyo ilishinda. Kwa desturi, kila nyumba ilibandika vikaratasi vyake sebuleni. Elinami alibandika chake, namba ikitazama ukuta.

"Kigeuze, mwanangu, wageni wasome."

Elinami alikikandamiza zaidi ukutani kwa kiganja. Bi Aikande alibandua chake, akakigeuza pia.