Vumbi la Lemayian

Tangu mbio za magari zihamie televisheni ya kulipia, hata dirisha lilihitaji kifurushi. Magari yalipokaribia, nyumba isiyolipiwa ilifungwa mlango, na vioo vyake vikageuka vyeusi.

Naisula alisikia gari la mwanawe, Lemayian, likipita mbele ya lango lake kwa honi ndefu. Akasimama sebuleni peke yake, akakipungia mkono kioo cheusi.

Jioni Lemayian alipiga simu.

"Mama, umeniona?"

"Nimekuona, mwanangu. Ulikuwa unapaa!"

"Afadhali ulilipia. Basi mwaka huu sitapitia nyumbani, maana tumeshaonana."

"Haya. Safari njema."

Mezani palikuwa pametanda vumbi la gari lake, lililopenya chini ya mlango. Naisula alichukua kitambaa, akasita, akakirudisha jikoni.