Chui Kibogoyo na Shingo ya Nyati

Chui mmoja alizeeka hadi akawa kibogoyo. Fisi, jirani yake mlafi, alimgawia shingo ya nyati mzee, akijua hataweza kuitafuna, naye ataichukua tena jioni.

"Kula taratibu, bibi," akamwambia.

Chui alihangaika nayo mpaka ufizi ukamuuma. Tumbili, aliyekuwa juu ya mpapai, alimwonea huruma akamwangushia papai bichi na majani.

"Chanja papai, ipake nyama utomvu wake, kisha uifunge kwa majani. Utomvu huo una vimeng'enya vinavyokatakata protini za nyama."

Chui akafanya hivyo, akangoja. Nyama ikalainika, akaila yote.

Jioni Fisi akaja. "Imekushinda, bibi?"

"Imebaki mifupa," Chui akajibu. "Chukua, mjukuu wangu. Wewe meno unayo."